Katuni Haingoji Jibu

Tusiwalaumu nyanya zetu. Kule Gesima, mama akitoka asubuhi kuchuma majani chai, mtoto anabaki na nyanya, na huyo nyanya ana ng'ombe, ana shamba, ana moto wa kuni wa kuangalia. Simu inamtuliza mtoto. Lakini simu yenyewe na bando tunatuma sisi wa Nairobi, halafu tunajiita wenye mapenzi.

Mnaniambia katuni zinamfundisha Kiingereza. Sawa, atataja rangi zote. Lakini mtoto hujifunza kuongea akijibiwa: anabwabwaja, unamjibu, anakutazama usoni, anajaribu tena. Hapo ndipo anapojua kungoja zamu na kutambua mwenzake amekasirika. Katuni haimngoji. Alie, acheke, yenyewe inasonga tu.

Mwaka 2019 Shirika la Afya Duniani lilishauri hivi: chini ya miaka 2, asikalishwe mbele ya skrini kabisa; miaka 2 hadi 4, isizidi saa 1 kwa siku. Sisi tulicheza bano na kalongolongo, tukagombana, tukapatana kabla ya giza. Nani atampatanisha mtoto na katuni?

Sisemi simu ni shetani. Ukipiga ya video ukaongea naye, angalau kuna mtu anayemjibu. Basi piga. Na ile pesa ya bando la katuni, mlipe jirani amshike mtoto mchana, amwongeleshe Ekegusii. Hayo ndiyo mapenzi, bana.