Kiharusi Kisangani: mazoezi kwanza, miwani baadaye

Ulaya na Marekani, kuna wagonjwa waliopooza mkono kwa sababu ya kiharusi wanaovalishwa miwani ya kompyuta: mtu anajiona jikoni, anajifunza tena kushika kikombe. Mtu hukubali mazoezi kama hayo yanapofanana na maisha yake. Lakini mama wa Mangobo, hapa Kisangani, hapiki kwa gazi. Kazi zake ni kuwasha mbabula, kutwanga sombe na kupanda mtumbwi wa Lubunga.

Uchunguzi wa Cochrane wa mwaka 2017, uliokusanya majaribio 72 na wagonjwa 2.470, ulionyesha kwamba kwa mkono, vifaa hivyo havipiti mazoezi ya kawaida. Faida ilionekana pale vilipoongeza muda wa mazoezi.

Muda huo unaweza kupatikana Tshopo bila kungoja miwani wala umeme. Serikali ya jimbo iweke wataalamu wa mazoezi ya viungo katika hospitali za komini zote, na wafundishe jamaa za wagonjwa. Jamaa nao wasimfanyie mgonjwa kila kitu. Kumpokonya kijiko kwa huruma ni kumnyima dawa.