Mbwa wa Familia: Chukua Chotara Mdogo, Ila Kama Huwezi Kumchanja Usimchukue



Swali ninaloulizwa sana kuhusu mbwa ni hili: "Mtaalamu, nitapata wapi mbwa wa kizungu?" Anayeuliza amemwona mbwa mkubwa kwenye geti la mtu mjini, na yuko tayari kuuza mbuzi ili ampate wa kwake. Maoni yangu ni kwamba familia ya kijijini yenye watoto, kuku na duka dogo haimhitaji mbwa huyo. Inamfaa chotara wa umbo dogo, aliyechaguliwa kwa makini na anayetunzwa kila siku. Na mtu asiyeweza kumchanja mbwa asimchukue, hata akipewa bure.

Sababu ya kwanza ni chakula. Mbwa wa kilo 10 anakula chini ya nusu ya chakula cha mbwa wa kilo 35. Mwezi wa kwanza tofauti hiyo huioni, lakini kipindi cha njaa kabla ya mavuno utaiona. Mbwa mkubwa asiyeshiba huanza kuzurura, kula mayai na kuvizia vifaranga vya jirani.

Sababu ya pili ni kazi yenyewe. Mwenye duka ataniambia mbwa mdogo hamzuii mwizi. Mwizi huondoka pale watu wanapoamka, na kinachowaamsha ni kubweka. Mbwa mdogo mwenye masikio mepesi anatosha kwa hilo. Mbwa mkali anayefungwa mnyororo tangu asubuhi mpaka jioni ili "awe na hasira" siku akikatika atamuuma mteja au mtoto wako kabla hajamwona mwizi.

Hata hivyo, tusidanganyane. Wapo wanaosema mbwa wa kienyeji haugui. Anaugua. Kichaa cha mbwa na parvo vinamuua sawasawa na yule wa mjini.

Namna ya kuchagua

Mchukue akiwa na wiki 8 au zaidi. Anayetolewa kwa mama yake na wiki 4 anadhoofika, na hajajifunza kwa ndugu zake kwamba kung'ata kunaumiza. Nenda mwenyewe ukamwone mama. Baba mara nyingi hajulikani, hivyo umbo na tabia ya mama ndivyo vitakavyokupa picha. Kama mama hakaribiki, tafuta kwingine.

Mkague kama unavyomkagua mbuzi mnadani. Macho yawe safi, pua isitoe kamasi, fizi ziwe na rangi ya waridi. Fizi nyeupe ni dalili ya upungufu wa damu, na mara nyingi chanzo chake ni minyoo, viroboto au kupe. Tumbo lililojaa kama ngoma huku mbavu zinaonekana ni minyoo, siyo shibe. Angalia nyuma kama kuna kinyesi kilichoganda, halafu pitisha mkono kwenye manyoya utafute sehemu zenye upele.

Kisha piga makofi. Anayeshtuka halafu akaja kunusa mkono wako ndiye wa familia. Anayejificha asitoke, au anayekuja akiunguruma, atakupa shida na watoto.

Kuhusu jinsia, wengi wanataka dume, na majike huishia kutupwa porini ndani ya kiroba. Jike analinda vizuri tu. Ubaya wake ni kwamba hupata joto takriban mara mbili kwa mwaka, na hubeba mimba kwa siku 63 hivi. Kwa hiyo kabla hujamchukua, mwulize daktari wa mifugo wa wilaya yako kuhusu kumfunga kizazi, au panga namna ya kumfungia ndani anapokuwa kwenye joto. Dume naye ahasiwe, atapunguza kuzurura na kupigana.

Chanjo na minyoo

Chanjo ya kichaa cha mbwa hutolewa kwa kawaida akifikisha miezi 3, na hurudiwa kila mwaka. Kampeni ya chanjo ikipita kijijini, mpeleke hata kama ni mdogo zaidi, maana Shirika la Afya Duniani linashauri watoto wa mbwa wa umri wowote wasiachwe nje ya kampeni hizo. Tunza kadi yake. Kwa parvo ipo chanjo nyingine, na hiyo huanza mapema kidogo, kuanzia wiki ya 6 hadi ya 8. Ulizia duka la dawa za mifugo lenye friji, kwa sababu chanjo iliyokaa kwenye joto haina kazi.

Minyoo huanza nayo tangu tumboni mwa mama. Apewe dawa kila wiki 2 mpaka afikishe miezi 3, kisha kila mwezi mpaka miezi 6, halafu kila baada ya miezi 3. Hii ni kwa faida ya watoto wako pia, kwani wakichezea udongo wenye kinyesi cha mbwa, mayai ya minyoo hiyo huweza kuwaingia.

Chakula na ngozi

Mpe mara 3 au 4 kwa siku mpaka afikishe miezi 4, kisha punguza hadi mara 2. Ugali laini na dagaa waliooshwa chumvi unafaa, na maji safi yawepo muda wote. Mahindi yenye ukungu usimpe. Sumukuvu inaharibu ini la mbwa kama inavyoharibu la mtu. Mifupa ya kuku iliyopikwa inavunjika na kuchoma utumbo. Wenye bucha, mapafu na maini yenye malengelenge ya maji msimtupie mbwa yakiwa mabichi. Humo kuna minyoo ya tegu ambayo kupitia mbwa hurudi kwa watu.

Dawa ya kuogeshea ng'ombe usimpake mtoto wa mbwa kwa kukisia, inaweza kumuua. Oili chafu ya gari nayo si dawa ya upele. Anailamba, inamdhuru. Mlete tumkague, upele una dawa yake.

Malezi

Mzoeshe kuku akiwa bado mdogo kuliko kuku. Watoto wasimsumbue akila au akilala, wasimvute mkia. Kibanda chake kiwe nje, kisivuje, na muwaheshimu majirani ambao imani yao inawataka wajiepushe na mate ya mbwa.

Kwa nini nasisitiza chanjo

Duniani kichaa cha mbwa kinakadiriwa kuua watu wapatao 59,000 kila mwaka, wengi wao Afrika na Asia, na karibu wote wanakipata kwa mbwa. Takriban watu 4 kati ya 10 wanaoumwa na wanyama wanaoshukiwa kuwa na kichaa ni watoto wa chini ya miaka 15. Dalili zikishajitokeza kwa mtu, karibu hakuna anayepona.

Ukimwona mbwa anadondosha udenda na kushindwa kumeza, usimtie mkono mdomoni ukidhani amekwamwa na mfupa. Mtu akiumwa, osheni jeraha kwa maji yanayotiririka na sabuni kwa dakika 15, kisha aende kituo cha afya siku hiyohiyo. Msipake pilipili, majivu wala mafuta ya taa. Sindano za mtu ni zaidi ya moja, na nauli za kuzifuata ni nyingi. Ukijumlisha gharama hiyo, utaona kuwa chanjo ya mbwa mmoja ni nafuu sana, na mara nyingi wakati wa kampeni ni bure.

Ikifikia asilimia 70 ya mbwa wa eneo wamechanjwa, ugonjwa hukosa njia ya kuenea. Kwa hiyo mbwa wako asiyechanjwa ni hatari kwa jirani yako pia, na una deni kwake.

Kabla hujamleta mtoto wa mbwa nyumbani, pita kwanza ofisi ya afisa mifugo wa kata yako, uliza tarehe ya chanjo na bei ya dawa ya minyoo, kisha weka fedha hiyo pembeni. Ukiiona ni kubwa, msubiri mbwa mpaka baada ya mavuno.