Hatamu Bila Punda

Miongoni mwa misemo inayotumiwa mno katika insha za wanafunzi wetu ni “kushika hatamu”. Kiongozi hushika hatamu, mrithi hushika hatamu. Na zama za chama kimoja nchini Tanzania, chama nacho kilishika hatamu. Lakini mwulize mwanafunzi hatamu ni kitu gani. Aghalabu atajibu kwamba ni madaraka. Punda ametoweka katika neno.

Jambo hili lingekuwa dogo kama punda angetoweka barabarani pia. Hajatoweka. Hapa Mukumu, kando ya barabara ya Kisumu kwenda Kakamega, ningali nawaona punda wakikokota maji na mchanga, huku wengine wamefungwa nira ya ng’ombe shingoni au kamba ya nailoni iliyowachubua kifua.

Nira ni chombo cha ng’ombe. Ng’ombe wetu huvuta kwa shingo na nundu, na nira hukaa mbele ya nundu hiyo. Punda hana nundu. Nguvu zake zimo kifuani na mabegani. Anahitaji ukanda mpana wa kifuani usiobana koo. Pedi mgongoni ya kupokea uzito wa mkokoteni bila kukandamiza uti wa mgongo. Na ukanda wa nyuma ya mapaja wa kuuzuia mkokoteni mteremkoni, usije ukamgonga miguu. Vyote hivyo fundi wa kijijini aweza kuvishona kwa turubai na magunia.

Huko Ulaya na Marekani wako watu wanaowafunga mbwa wavute skuta kwa mchezo tu. Hata hao humvisha mbwa mikanda iliyopimwa kwa mwili wake, inayolalia kifua na kuacha koo huru. Kamba huwa na sehemu inayonyumbuka ili mshtuko usimfikie mnyama, skuta huwa na breki, na mwendeshaji huvaa kofia ngumu. Ikiwa mbwa wa mchezo hupimiwa vazi lake, yawaje punda anayelisha aila nzima afungwe kamba ya kuokota?

Yamkini mtu atasema kisa ni umaskini. Sikatai kwamba fedha ni haba. Hata hivyo, punda mwenye kidonda hafanyi kazi ipasavyo, na siku anazolala zizini ni hasara kuliko bei ya turubai. Sheria nayo ipo: ile ya Kuzuia Ukatili kwa Wanyama, Sura ya 360, inakataza kumbebesha mnyama kupita kiasi na kumtumikisha akiwa na jeraha lisilomruhusu kufanya kazi. Kinachopungua ni maarifa, na maarifa hayasafiri bila maneno. Wala Kiswahili si maskini: kina hatamu, lijamu, kigwe, shogi na nira. Sisi ndio tuliyoyaacha maneno hayo yaishi katika misemo peke yake.

Kwa hivyo nawasihi walimu wa Kiswahili na wa Kilimo washirikiane. Mwanafunzi na amchore punda wa mkokoteni, ataje kila ukanda na kazi yake, kisha awaeleze wazee wake nyumbani kwa nini nira haimfai. Methali husema, punda afe mzigo ufike. Akifa leo, mzigo wa kesho utafikishwa na nani?