Sherifu na Uhamiaji

Jamaa wa Houston walizoea kuwatania wa Fort Worth. Mwaka 2017 sherifu wa Kaunti ya Harris alivunja mkataba uliowapa askari wa jela kazi za Uhamiaji. Tarrant nayo ikautia saini mwaka huohuo. Utani umekwisha. Sheria ya Texas SB 8, ya 2025, yawalazimisha masherifu wenye jela kuingia mkataba huo, mwisho 1 Desemba 2026.

Kwangu mimi ni kosa: mama aliyepigwa ataogopa kuita polisi. Na aite! SB 4 ya 2017 hairuhusu askari kumwuliza aliyedhulumiwa, wala shahidi, habari za uhamiaji, ila uchunguzi ukihitaji.

Nanyi vijana, asiye na leseni asishike usukani. Wenye magari tupo, tupigieni simu.