Roketi Ijuayo Njia ya Kurudi

Tarehe 13 Oktoba 2024, asubuhi, watu waliokusanyika kwenye pwani ya Texas, kusini ya Marekani, karibu na mpaka wa Mexico, waliona jambo ambalo hata mafundi walioliandaa hawakuwa na hakika nalo. Roketi kubwa kupita zote zilizopata kuundwa ilipaa, injini zake 33 zikiwaka pamoja. Haikupita muda, sehemu ya juu ikajitenga na kuendelea na safari yake. Sehemu ya chini, bomba la chuma lenye urefu wa meta 71, ikageuka huko huko juu ikaanza kurudi. Dakika saba hivi tangu kuondoka, ilionekana ikishuka wima huku ikitoa moto kwa chini. Ikajisogeza polepole ubavuni mwa mnara uleule ulioirusha, na mikono miwili ya chuma ikaibana, ikabaki inaning'inia kama embe mtini. Roketi hiyo huitwa Starship, na sehemu yake ya chini Super Heavy. Kampuni iliyoiunda ni SpaceX.

Huenda mmoja wenu atasema: « Mafundi wa Marekani wamejionyesha ustadi wao, sisi yatuhusu nini? » Yatuhusu, tena nchi yetu ya Kongo imo katika habari hii kuliko wengi wajuavyo, kama mtakavyoona.

Kwanza tuelewe shida iliyokuwapo. Fikirini mvuvi wa Kalemie aliyekata mti mkubwa, akauchonga miezi mitatu, akapakia kikapu kimoja cha mihogo, akavuka Ziwa Tanganyika hadi Kigoma; naye akiisha kushusha kikapu, akautoboa mtumbwi ukazama. Safari ya pili, mti mwingine, miezi mingine mitatu. Mihogo hiyo itauzwa bei gani? Ndivyo roketi zilivyotumiwa kwa miaka mingi. Saturn V, iliyowapeleka watu mwezini mwaka 1969, ilikuwa na urefu wa meta 110 na uzito wa karibu tani 3,000 siku ya kuondoka. Kilichorudi duniani ni chumba kidogo cha watu watatu, tani zipatazo 5. Mengine yote yalizama baharini, au yaliungua hewani, au yaliachwa mbali na dunia yetu.

Wala hawakuitupa kwa ulevi wa mali. Walilazimishwa na hesabu. Roketi huenda kwa kanuni aliyoiandika Newton mwaka 1687: kila kinachosukuma husukumwa nacho kwa nguvu iliyo sawa. Moto unatupwa chini, chombo kinasukumwa juu. Wengi hudhani kwamba moshi huegemea hewa, kama mpiga kasia aegemeavyo maji. Sivyo, kwa maana roketi husukumwa vema zaidi pasipo na hewa. Mwaka 1903 mwalimu mmoja wa hesabu katika mji wa Kaluga, Urusi, jina lake Tsiolkovsky, mtu aliyekuwa na uziwi tangu utoto, alitoa makala yaliyoonyesha ni mafuta kiasi gani yanatakiwa ili chombo kipate kasi fulani. Jibu lake ni chungu. Ili kitu kizunguke dunia bila kuanguka, yapasa kiende karibu kilometa 28,000 kwa saa. Na ili roketi ipate kasi hiyo, sehemu 9 katika 10 za uzito wake, kasoro au zaidi kidogo, zinapaswa kuwa mafuta na oksijeni ya kuyachoma. Katika sehemu moja inayobaki lazima zienee chuma, injini, vyombo vya kuongozea, na mwishowe mzigo wenyewe. Nani atathubutu kuongeza juu yake mafuta ya kurudia?

Wamarekani walijaribu mapema kwa vyombo vyao vyenye mabawa, vilivyoruka mara 135 tangu mwaka 1981 hadi 2011. Vilirudi kweli, vikatua kama ndege. Lakini kila safari ilidai miezi ya kukagua vigae zaidi ya 20,000 vilivyozuia joto, na gharama haikushuka kama ilivyoahidiwa. Vyombo viwili viliangamia, mwaka 1986 na 2003, na watu 14 wakafa ndani yake.

Jaribio jingine lilifanyika Katanga. Mwaka 1976 kampuni ya Kijerumani iitwayo OTRAG, iliyoanzishwa na mhandisi Lutz Kayser, ilifanya mkataba na serikali ya Mobutu. Ikapewa haki juu ya eneo la kilometa za mraba zipatazo 100,000, yaani zaidi ya mara tatu ya nchi yote ya Ubelgiji, hadi mwaka 2000. Kwenye uwanda wa juu karibu na mto Luvua, kaskazini ya jimbo hilo lililoitwa Shaba siku zile, wakajenga uwanja wa kurushia roketi. Miongoni mwa wakubwa wake alikuwamo Kurt Debus, yule aliyesimamia urushaji wa Saturn V huko Florida.

Wazo la Kayser lilikuwa kinyume cha la wengine wote. Kama roketi lazima itupwe, alisema, basi na iwe rahisi hata isimwumize mtu kuitupa. Alichukua mabomba membamba ya chuma, upana wake sentimeta 27, akayajaza mafuta ya aina ya yale yatumiwayo na kamioni, pamoja na asidi ya kuyachoma, akayafunga pamoja kama mafungu ya kuni. Ukitaka kupeleka mzigo mdogo, funga mabomba machache. Ukitaka mkubwa, funga mia na zaidi. Tarehe 17 Mei 1977 roketi ya kwanza yenye mabomba manne iliruka. Ya pili iliruka Mei 1978. Ya tatu iliwashwa tarehe 5 Juni 1978 mbele ya Mobutu mwenyewe. Ikayumba, ikapinda njia, ikaanguka bondeni.

Hata hivyo si ajali hiyo iliyokomesha kazi. Majirani na mataifa makubwa waliogopa kwamba Wajerumani wanatengeneza silaha za vita, na mwaka 1979 mkataba ukavunjwa. Kampuni ikahamia Libya, na baadaye ikafa. Kwa maoni yangu, wazo lenyewe halikuwa la kipumbavu. Lililokuwa baya ni mkataba: kuikabidhi kampuni moja ardhi kubwa namna ile, yenye vijiji na watu wake, hata kama roketi zingeruka vizuri.

Basi kulikuwa na njia mbili za kuondoa hasara: kuunda cha bei ndogo na kukitupa, au kuunda cha thamani na kukirudisha. Iliyoshinda ni ya pili, nayo ilishinda kwa roketi iitwayo Falcon 9. Hapa nawaomba wanafunzi wakae karibu, kwa maana ndipo penye elimu yenyewe.

Falcon 9 ina sehemu mbili. Ya chini ina injini tisa, zichomazo mafuta ya taa yaliyosafishwa sana pamoja na oksijeni iliyogeuzwa maji kwa baridi kali. Hufanya kazi dakika mbili na nusu hivi, ikaifikisha roketi juu ya sehemu kubwa ya hewa, kisha hujitenga. Wakati huo inakwenda labda kilometa 7,000 au 8,000 kwa saa, na kwa kuwa haijazimika kabisa katika kupanda, huendelea kwenda juu kama jiwe lililorushwa. Hapo hugeuzwa kwa mipumuo midogo ya gesi, mkia ukatangulia. Ikiwa yatakiwa kurudi pale ilipotoka, huwasha injini tatu ili kuirudisha nyuma. Ikiwa inangojwa na meli baharini, huachwa ifuate njia yake.

Ikaribiapo hewa nzito, huwasha tena injini tatu, moto ukielekezwa kule iendako. Zamani wengi walitilia shaka jambo hili: je, moto utokao kinyume cha upepo wa kasi kama ule hautairudia injini na kuivunja? Kumbe moto huo hupunguza mwendo, tena huwa kama ngao, ukiisukuma hewa iliyopata joto kali isiguse chuma. Ubavuni kuna mapezi manne yenye matundu kama wavu, yageukayo huku na huku na kuiongoza roketi ndani ya upepo, kama usukani uongozavyo mashua.

Mwisho wake ndio wa ajabu. Ikishakwisha mafuta mengi, roketi hiyo ina uzito wa tani 25 au kupita kidogo, na injini moja tu, hata ikipunguzwa hadi ukomo wake, husukuma kwa nguvu iliyozidi uzito huo. Maana yake haiwezi kusimama hewani ikitafuta mahali pa kutua. Ikiwashwa mapema mno, itasimama ikiwa bado juu, kisha itaanza kupaa tena. Ikichelewa, itagonga chini. Nafasi ni moja tu. Mmepata kumwona mtoto akimrushia embe mwenzake aliye juu ya mti? Akipima nguvu sawasawa, embe hufika mkononi likiwa limekwisha mwendo wake, na yule juu hulichukua kama kutoka mezani. Ligeuzeni jambo hilo kichwa chini: kasi ya roketi lazima ifike sifuri mahali palepale penye sakafu, si meta tano juu yake wala meta moja chini yake. Hesabu hiyo hufanywa na mashine zilizo ndani ya roketi yenyewe, mara nyingi katika kila sekunde, kwa maana hakuna mkono wa mtu uwezao kuwahi.

Hawakuipata siku moja. Januari 2015 mapezi yaliishiwa mafuta ya kuyageuzia, na roketi ikaigonga meli ikapasuka. Aprili mwaka uleule ikafika, ikaanguka kwa ubavu. Tarehe 21 Desemba 2015 ikasimama salama kwa mara ya kwanza, Cape Canaveral. Mwezi mmoja tu baadaye nyingine ilitua vizuri juu ya meli, lakini mguu mmoja haukujifunga, ikalala polepole kama mlevi, ikalipuka. Tarehe 30 Machi 2017 roketi iliyokwisha kutumika ilipanda mara ya pili. Siku hizi wanahesabu kwa namna nyingine kabisa: mwaka 2025 roketi moja ya chini ilipita safari 30, na mwaka 2024 peke yake Falcon 9 zilirushwa zaidi ya mara 130.

Mtauliza kwa nini sehemu ya juu ya Falcon 9 haijarudi bado. Jibu ni hesabu ya shule. Nguvu iliyomo katika kitu kiendacho huongezeka kwa mraba wa kasi yake. Sehemu ya juu huenda karibu mara nne ya ile ya chini. Basi kila kilo yake inabeba nguvu si mara nne, bali mara 16, na nguvu hiyo yote lazima igeuke joto kabla ya kutua. Ndiyo kazi iliyowashinda kwa bei nafuu wale wa vyombo vyenye mabawa, na ndiyo Starship inayoitafutia dawa. Mikono ya mnara ni sehemu ya dawa hiyo: miguu ya kutulia ni mizito, basi afadhali ibaki chini, ijengwe mnarani, kuliko kubebwa juu kila safari. Mei 2025 Super Heavy iliyokwisha kuruka ilirushwa tena; lakini mwaka huo ulikwisha pasipo sehemu hata moja ya juu ya Starship kurudi na kutumika mara ya pili, na kadhaa zilivunjika njiani.

Sasa tuseme juu ya fedha, maana ndipo tulipoanzia. Gharama ya kurusha imeshuka sana kwa mwenye roketi. Je, imeshuka kwa mteja? Mwaka 2016 bei iliyotangazwa ya safari moja ya Falcon 9 ilikuwa dola milioni 62. Mwaka 2024 ilikuwa karibu milioni 70. Mtumbwi hauzamishwi tena, lakini nauli haikupungua, kwa maana ziwani palikuwa na mtumbwi mmoja tu wa namna hiyo. Akiba ile kampuni iliitumia kwa kazi yake yenyewe: kupeleka juu setilaiti zake za kuleta intaneti, ambazo kufikia mwisho wa mwaka 2025 zilikuwa zimerushwa zaidi ya 10,000. Wanaastronomia wanalalamika kwamba zinachora mistari ya mwanga katika picha zao za nyota, na wana haki kulalamika. Kwa upande mwingine, mwaka 2025 serikali ya Kongo iliipa huduma hiyo ruhusa ya kufanya kazi nchini, na kwa shule iliyo mbali na kila waya, hilo si jambo dogo, ikiwa tu itaweza kulipa kila mwezi.

Bei itashuka watakapokuwapo wavushaji wengi. Tarehe 13 Novemba 2025 kampuni nyingine ya Marekani, Blue Origin, iliitua sehemu ya chini ya roketi yake New Glenn juu ya meli katika Bahari ya Atlantiki, baada ya kurusha vyombo viwili viendavyo Mars. Wiki tatu baadaye Wachina walijaribu na Zhuque-3. Sehemu ya juu ilifika salama katika njia ya kuizunguka dunia. Ile ya chini ilishika moto wakati wa kutua, ikaanguka karibu sana na uwanja uliokuwa ukiingojea.