Kansa ya prostati: Upasuaji bila kufuatiliwa ni kazi nusu

Mashariki mwa Congo, baba akisha kupasuliwa kansa ya prostati na kovu kupona, familia humshukuru Mungu na kufunga habari hiyo. Ni kosa. Kovu halisemi kama kansa imekwisha. Kinachosema ni kipimo cha damu kiitwacho PSA, na kipimo hicho kingepaswa kuhesabiwa kuwa sehemu ya upasuaji wenyewe.

PSA ni protini inayotengenezwa na prostati. Kabla ya upasuaji, inaweza kupanda hata kwa sababu ya maambukizi au uvimbe usio kansa, ndiyo maana peke yake haitoshi kuthibitisha ugonjwa. Lakini prostati yote ikisha kutolewa, PSA inapaswa kushuka karibu na sifuri ndani ya wiki sita hadi nane. Ikipanda tena na kufika nanogramu 0.2 kwa mililita, na kipimo cha pili kikithibitisha, waganga huona dalili kwamba kansa inarudi, mara nyingi miaka kadhaa kabla mgonjwa hajasikia maumivu ya mifupa.

Mwaka 2020, matokeo ya utafiti RADICALS-RT yalitangazwa katika jarida The Lancet. Wanaume 1,396 wa Uingereza, Ireland, Denmark na Canada walishiriki baada ya kupasuliwa. Kundi moja lilipewa matibabu ya mionzi mara moja. Kundi la pili lilifuatiliwa kwa PSA, na mionzi ikatolewa kwa yule tu ambaye kipimo chake kilipanda. Baada ya miaka mitano, kupewa mionzi mapema hakukuonyesha faida, tena kulileta matatizo zaidi ya mkojo.

Hospitali za Kivu na Ituri zisichukue nusu tu ya fundisho hilo. Wanaume wale waliweza kungoja kwa sababu damu yao ilipimwa mara kwa mara. Mgonjwa anayerudishwa Walikale au Fizi bila tarehe ya kipimo hangoji: ameachwa.

Kuna watakaosema kwamba kuna vita, kipindupindu na malaria, na pesa hazipo. Ni kweli. Lakini familia iliyouza ng'ombe au shamba ili baba apasuliwe imekwisha kulipa sehemu kubwa. Kukosa bei ya kipimo ni kuhatarisha yote hayo. Na hata pale matibabu ya mionzi yako mbali, kujua mapema kunampa mgonjwa nafasi ya kujipanga kwa safari, au kuanza dawa za kupunguza homoni za kiume wakati unaofaa.

Yanayohitajika si makubwa. Bei ya vipimo vya mwaka wa kwanza iwekwe ndani ya bei ya upasuaji. Kila mgonjwa apewe karatasi yenye tarehe na matokeo yake, kwa kuwa barabara ikifungwa au familia ikikimbia, hospitali nyingine itaendelea kutoka hapo. Damu itolewe na kutayarishwa katika hospitali kuu ya eneo lake la afya, kisha isafirishwe kwa ubaridi hadi maabara ya mjini.

Wizara ya afya na wakuu wa hospitali waanze na hayo. Mashine kubwa zitafuata.