Amwache Binti wa Watu, Samaki Kawaua Mwenyewe!

Kuna staa mmoja wa mjini, yule wa kope ndefu na geti jeusi, karudi kutoka Dubai wiki hii na kukuta samaki wake 14 wanaelea tumbo juu. Inauma, hakuna anayebisha. Tangi lile la kioo la sebuleni limeonekana nyuma yake kwenye picha nyingi tu, mpaka mashabiki wakawapa wale samaki wa dhahabu majina. Lakini badala ya kutafuta chanzo, bidada akafanya anachokijua. Kawasha kamera, kamsimamisha dada wa kazi mbele ya tangi na kumhoji kama yuko kituo cha polisi. Binti analia, video inapandishwa na alama ya moyo uliopasuka.

Povu likamwagika. Mfukuze huyo, hawa wasichana wana roho mbaya, mkate mshahara ajifunze. Na kwenye stori zilizofuata bidada akajibu kwa fahari kwamba mshahara wote wa mwezi ameshaukata.

Sasa wadau wairudie ile video, safari hii wakiwa na sauti, maana wengi wameangalia machozi tu. Kabla hajakatizwa, binti anasema hivi: "Dada, nimewapa asubuhi, mchana na jioni kama ulivyosema, mpaka kopo likaisha." Kopo zima, siku tisa! Anayefuga samaki kwa kuwajua akisikia hilo haulizi tena kilichowaua.

Samaki si mtoto mchanga. Mwili wake hauchomi chakula ili kujipa joto kama wa binadamu, kwa hiyo samaki mkubwa mwenye afya anaweza kukaa wiki nzima bila kula, na wengi huvuka hata wiki mbili. Vifaranga ndio hawawezi. Siku tisa za bata la Dubai zisingeua hata mmoja kwa njaa. Kinachoua ni shibe. Chakula wasichokimaliza ndani ya dakika mbili tatu kinazama na kuoza, kinyesi nacho kinaongezeka, na vyote viwili vinatoa amonia, sumu inayounguza mashavu ya samaki pale anapopumulia. Na samaki wa dhahabu ni mchafuzi kuliko samaki wengi wa tangini, muulize yeyote aliyewahi kumfuga.

Kuna watakaosema tangi lile lina chujio. Lilikuwa nalo. Stori za siku moja kabla ya safari zinaonyesha bidada anaimba huku fundi akimwaga maji yote, akiifua sponji ya chujio kwa sabuni mpaka ikawa nyeupe, kisha akijaza maji ya bomba moja kwa moja. Tangi liling'aa, mashabiki wakapiga makofi. Kumbe siri ya chujio ni ule uchafu uchafu wa rangi ya chai kwenye sponji. Ndimo wanamokaa bakteria wanaoibadilisha amonia kuwa kitu kisicho na madhara makubwa. Sabuni inawamaliza, na klorini ya bomba, ambayo imewekwa kuua vijidudu, haichagui. Sponji huoshwa kwa maji yaliyotolewa kwenye tangi lenyewe, na maji hubadilishwa robo tu, siku kadhaa kabla ya safari, yakiwa yametiwa dawa ya kuondoa klorini. Bidada kaondoka akiwa ameshavunja ulinzi wote wa samaki wake, halafu kaagiza walishwe mara tatu kwa siku.

Tufanye hayo hakuyajua. Haya, na LUKU? Binti anasikika tena, sauti ya chini: "Nilikutumia meseji, uniti zimebaki tatu." Hapo ndipo bidada anamkatiza na kugeuzia kamera tangini. Kwa nini alikatiza? Umeme mtu ananunua kwa simu akiwa popote, tokeni ya tarakimu 20 inaingia, anaituma nyumbani, kwisha. Siku hiyo hiyo alikuwa hewani akionyesha bwawa la kuogelea la hotelini. Umeme ukikatika pampu inazima na maji yanatulia tuli, na kwa joto la Dar maji ya moto moto hayashiki hewa ya kutosha. Bakteria nao wanahitaji hewa hiyo hiyo. Pampu ndogo za betri zipo kwa ajili ya saa kama hizo, wala haziwezi kumshinda mtu mwenye kope zile.

Wapo wanaosema binti angetumia akili, angeona maji yanachafuka akaacha kulisha. Aache, halafu samaki wafe, aseme alijiamulia mwenyewe? Aliambiwa mara tatu, akatii mara tatu. Kumwachia mtu samaki kungekuwa rahisi mno: chakula kigawanywe kwenye vikaratasi vitatu kwa siku tisa, kila kimoja ni cha siku moja, kopo lifichwe kabisa, taa ya tangi izimwe usiku, namba ya mtu anayejua samaki iachwe ukutani. Dakika kumi za maelezo. Bidada alitumia muda mrefu zaidi ya huo kuonyesha sanduku lake la nguo.

(Na wale wa komenti za "kufuga samaki ni uzungu, sisi wetu wa kukaanga", watulie. Mbuna, wale wa bluu na njano wanaoparua ukoga kwenye mawe ya Ziwa Nyasa, wanapamba sebule za Ulaya na Marekani miaka nenda rudi.)

Hebu shemeji ndiye angebaki nyumbani na samaki, video ile ingekuwepo? Angesimamishwa mbele ya tangi akilia? Wangeandikiwa samaki ujumbe mzuri wa kuagana, na maisha yangeendelea. Binti kapandishwa mtandaoni kwa sababu hana wafuasi wa kumtetea, na kilio chake kinaleta namba nzuri.

Halafu kuna hilo la mshahara. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 hairuhusu mwajiri kujikatia tu. Akitaka kufidia hasara, lazima iwe ni kosa la mfanyakazi, ampe kwa maandishi sababu na kiasi, ampe nafasi ya kupinga, na makato yasizidi robo ya mshahara. Si mshahara wote, tena kwa kutangaziwa kwenye stori. Na kosa lenyewe ni la nani, video imeshasema.

Inasemekana tangi jipya limeshaagizwa na mwisho wa mwezi kuna safari ya Zanzibar. Kabla ya hapo bidada aifute ile video na amlipe binti hela yake yote. Na anunue LUKU.